Giaboksi ichaguliwe kwa mlima, si kwa idadi ya gia

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalomgusa kila mwenye kamioni hapa Bukavu, na kila mfanyabiashara anayemkabidhi mzigo wake. Giaboksi zinazojibadilisha zenyewe, kama Smoother ya Isuzu na INOMAT ya Fuso, zinapoharibika, au giaboksi ya mkono ya zamani inapokosa spea, wenye magari hutafuta giaboksi nyingine ya mkono iliyotumika na kuifunga. Mafundi wa kuifunga tunao, tena wazuri. Kinachokosewa ni uchaguzi. Mteja huuliza ina gia ngapi, huuliza kama inaingia kwenye injini yake, kisha analipa. Uwiano wa kila gia hauulizi, na uwiano huo ndio utakaoamua kama kamioni itapanda mlima wa Ngomo na mzigo wake au itasimama katikati ya kona, klachi ikinuka.

Uwiano ni hesabu ya mizunguko. Gia ya kwanza ikiwa 5.4, injini inazunguka mara 5.4 ili propela, ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko nyuma, izunguke mara moja. Mwendo unapungua mara 5.4 na nguvu ya kuzungusha inaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Gia ya 1.00 haibadilishi kitu. Gia ya 0.72 ni ovadraivu: propela inakimbia kuliko injini, na nguvu inapungua. Baada ya hapo difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, inazidisha tena kwa uwiano wake, kisha tairi linachukua sehemu yake: likiwa kubwa, nguvu inayofika barabarani inapungua. Vitu hivyo vitatu, giaboksi, difu na tairi, vihesabiwe pamoja kila mara. Anayesema "giaboksi hii ina nguvu" bila kujua difu ya gari lako anabahatisha.

Huhitaji vitabu vya kiwanda ili kuujua uwiano. Giaboksi ikiwa chini, weka alama ya chaki kwenye shafti ya kuingilia na nyingine kwenye flanji ya nyuma, mahali propela inapofungwa. Ingiza gia ya kwanza, zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono, na hesabu imezunguka mara ngapi hadi flanji itimize mizunguko 10. Ukipata 54, uwiano ni 5.4. Fanya hivyo kwa kila gia, pamoja na ya kurudi nyuma. Ni kazi ya dakika chache, na muuzaji anayekataa isifanyike usinunue kwake. Wakati huo huo utasikia beringi zilizokwaruza na utahisi gia iliyokatika jino.

Difu ni hivyo hivyo. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, zungusha propela, hesabu mizunguko yake hadi magurudumu yamalize mzunguko mmoja. Ukiwa umeinua upande mmoja tu, gurudumu lililo juu lizunguke mara mbili, kwa sababu lile lililoko chini limesimama na difu inampa mwenzake mizunguko yote. Tafadhali zuia magurudumu ya mbele kwa mawe au vipande vya mbao imara, na usitegemee jeki peke yake. Kamioni nyingi za Kijapani breki yake ya mkono iko kwenye dramu iliyo nyuma ya giaboksi, inashika propela. Ukiinua gurudumu moja au ukifungua propela, breki hiyo haizuii gari hata kidogo. Watu wamebanwa kwa kutojua hilo. Difu ikiwa imefunguliwa, tazama namba zilizopigwa kwenye krauni, ile gia kubwa ya difu: 7 na 41 maana yake ni 41 kugawa kwa 7, yaani 5.857. Meno 37 kwa 6 ni 6.167, na 40 kwa 6 ni 6.667.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, nayo ianzie kwenye mlima. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo huku kwetu imebaki na kama asilimia 85 ya ile iliyoandikwa na kiwanda. Injini yenye tabo haipotezi kiasi hicho, ila nayo ikishuka chini ya mizunguko yake tabo inalala na inakuwa kama haina. Mwenye kamioni anayepakia Kalundu, Uvira, anaondoka kwenye mita 770 hivi gari likiwa jepesi mguuni, anavuka uwanda wa Ruzizi hadi Kamanyola bila shida, halafu escarpement (ukingo mkali wa mlima) ya Ngomo inamkuta na mzigo wote mgongoni huku hewa ikizidi kupungua. Mlima mkali na mzigo mzito vinakutana mahali pamoja, na giaboksi ichaguliwe kwa ajili ya mahali hapo.

Tuchukue kamioni ya magurudumu sita, yenye uzito wa tani 5.5 ikiwa tupu. Ipakie mifuko 170 ya simenti ya kilo 50: tani 8.5, jumla tani 14. Injini ni ya silinda 6 bila tabo, nguvu yake ya kuzungusha ni kilo-mita 49 (kilo 49 kwenye mkono wa mita 1) kwenye mizunguko 1,400 kwa dakika. Huku juu hesabu 41.6. Difu ni 41 kwa 7. Tairi ni 9.00R20, ambalo linasafiri mita 3.11 kwa mzunguko mmoja, yaani kutoka katikati ya gurudumu hadi mahali linapokanyaga ni mita 0.495. Ondoa asilimia 12 kwa msuguano wa meno na beringi. Zidisha 41.6 kwa 5.857, kisha kwa 0.88, gawa kwa 0.495: unapata kilo 433. Hizo ndizo kilo za kuvuta zinazofika barabarani kwa kila 1 ya uwiano wa gia.

Mlima unadai nini? Kwa kila asilimia 1 ya mwinuko, tani moja inadai kilo 10. Ongeza ukinzani wa barabara yenyewe: lami nzuri kama kilo 10 kwa tani, udongo mkavu ulioshikana kilo 25 hadi 30, matope 50 hadi 100 au zaidi. Mwinuko wa asilimia 11 juu ya udongo mkavu unadai kilo 140 kwa tani. Kwa tani 14 ni kilo 1,960. Kona ya asilimia 15 yenye udongo uliolainika kidogo kwa mvua, kilo 190 kwa tani, inadai 2,660. Kupima mwinuko si kazi ngumu: laza ubao wa mita 1 barabarani, inua upande wa chini hadi pimamaji itulie, pima pengo kwa rula. Sentimita 11 ni asilimia 11. Anayepita njia moja miaka yote anastahili kujua namba ya kona yake mbaya kuliko zote.

Linganisha sasa giaboksi mbili. Ya kwanza ina gia tano: 5.4, 3.0, 1.7, 1.00 na 0.72. Ni aina inayopendwa sokoni kwa kuwa "inakimbia". Ya pili ina gia sita: 7.5, 4.8, 3.0, 1.9, 1.35 na 1.00, haina ovadraivu, na kwa sababu hiyo wengi huiacha.

Ile ya gia tano, kwenye gia ya kwanza, inavuta kilo 2,339. Mwinuko wa asilimia 11 inaupanda, kwa kilomita 8 kwa saa, lakini gia ya pili inatoa 1,300 tu, kwa hiyo dereva hana pa kwenda. Ni kwanza hadi juu. Kona ya 2,660 haipandi kabisa. Na kuna jambo baya zaidi ambalo watu hulaumu klachi bure. Gari likisimama mlimani, labda kwa kupisha mwingine, injini inaanza kuvuta ikiwa kwenye mizunguko 800 hivi, si 1,400. Hapo tuchukue inatoa asilimia 80 ya nguvu yake. Kilo 2,339 zinabaki 1,871, na mlima unadai 1,960. Gari haliondoki. Dereva anapandisha mizunguko na kuachia klachi nusu nusu, na diski inaungua. Anabadilisha diski, wiki mbili baadaye imeungua tena, anasema diski za siku hizi ni bandia. Diski haina kosa hapo. Gia ya kwanza ndiyo ndefu mno, yaani uwiano wake ni mdogo.

Ile ya gia sita inavuta 3,249 kwenye ya kwanza na 2,079 kwenye ya pili. Mwinuko wa asilimia 11 unapandwa kwa gia ya pili, kilomita 9 kwa saa, na ya kwanza inabaki akiba. Kuanza tena kutoka kusimama inazo kilo 2,599, inatosha. Kona ya 2,660 inapita kwa ya kwanza, kilomita 6 kwa saa, bila kulazimisha.

Na ule mwendo unaosifiwa? Kwenye mizunguko 2,600 gia ya tano ya 0.72 ingefika kilomita 115 kwa saa. Kamioni ya tani 14 itakimbia 115 wapi, kati ya Bukavu na Minova, au kuelekea Walungu na Kamituga? Tena haifiki. Gia hiyo inavuta kilo 312 tu, na barabara ya udongo, hata ikiwa tambarare, inadai 420. Kwenye lami tambarare, kwa kilomita 60 kwa saa, barabara inadai 140 na upepo kama 70, hapo gia ya tano inabeba. Ukija mwinuko wa asilimia 1 zinaongezeka 140 nyingine na dereva anarudi kwenye ya nne. Ile ya gia sita, kwenye gia yake ya mwisho, inafika kilomita 83 kwa saa. Kwa barabara zetu ni nyingi.

Sisemi ovadraivu ni mbaya. Kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, kwenye lami na nchi ya tambarare, gari linakaa gia ya mwisho saa nzima, na kupunguza mizunguko ya injini kunaokoa mafuta na kurefusha maisha yake. Giaboksi iliyofanya kazi vizuri Katanga inaweza kuwa mzigo Kivu, bila kuwa na kasoro yoyote.

Tazama pia pengo kati ya gia na gia. Gawa uwiano wa gia kwa ule wa inayofuata. Kutoka 5.4 kwenda 3.0 ni 1.8: ukibadilisha ukiwa mizunguko 2,600, injini inaangukia 1,444. Hiyo ni kwenye tambarare. Mlimani gari linapoteza mwendo wakati klachi imekanyagwa, kwa hiyo unaangukia 1,200 au chini, injini inatetemeka, unarudi ulikotoka. Kutoka 7.5 kwenda 4.8 pengo ni 1.56, unaangukia 1,664. Hata ukipoteza kidogo bado uko juu ya 1,400 ambapo injini ina nguvu. Kwa gari la mizigo la milimani, kwenye gia tatu za chini, pengo lisizidi 1.6 hivi. Kutofuata hilo ndiko kunakowafanya madereva waingize gia kwa nguvu na kumaliza pete za sinkro, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana.

Kushuka kunanitia wasiwasi kuliko kupanda. Ukitoa mguu kwenye kanyagio la mafuta, injini inashika gari, na breki ya ekzosi inaongeza mshiko huo. Nguvu hiyo ya kushika inazidishwa na gia na difu sawasawa na ile ya kuvuta. Tani 14 zikishuka asilimia 11, ukitoa ukinzani wa barabara, zinasukuma kwa kilo 1,120 hivi, kila mita, hadi bondeni. Mwenye gia tano ana njia mbili: gia ya kwanza, isiyozidi kilomita 15 kwa saa, ambayo dereva mwenye haraka haivumilii, au ya pili, inayokubali hadi 27 lakini inashika kidogo, na yeye anajazia kwa mguu. Dramu zinapata moto, linta (vitambaa vya breki) zinalainika, kanyagio linazama. Mwenye gia sita anashuka kwa 4.8, kilomita 17 kwa saa, injini ikishika kwa zaidi ya mara moja na nusu ya ile gia ya 3.0, na breki zinabaki baridi kwa ajili ya kona. Kushuka kwa gia huru ili kuokoa mafuta ni kujiua, na ni kuua walioko bondeni. Ukaguzi wowote wa giaboksi unaoishia kwenye kupanda tu ni nusu ya ukaguzi.

Wapo waliokwisha kuinunua ile ya gia tano na hawawezi kununua nyingine. Kwao kuna njia ya pili: difu. Krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) ya 40 kwa 6 badala ya 41 kwa 7 inaongeza nguvu ya kila gia, pamoja na ya kurudi nyuma, kwa karibu asilimia 14. Gia ya kwanza inafika kilo 2,663. Inaanza kwenye asilimia 11 ikiwa na 2,130, na ile kona ya 2,660 inaipanda kwa shida, bila akiba. Gia ya tano ya 0.72 inakuwa kama 0.82 ya zamani, yaani inaanza kufaa kitu. Mapengo kati ya gia hayabadiliki, hilo lijulikane. Krauni na pinioni vinunuliwe jozi iliyosagwa pamoja, kamwe visichanganywe, na alama ya mguso ya rangi ikaguliwe kabla ya kufunga: iwe katikati ya jino. Fundi anayefunga difu kwa sikio analeta mlio ndani ya mwezi mmoja. Kama geji ya mwendo inachukua kutoka kwenye giaboksi, itaonyesha zaidi ya mwendo halisi kwa asilimia hiyo hiyo 14.

Kubadilisha tairi kutoka 9.00R20 kwenda 10.00R20 kunakula kama asilimia 3 ya nguvu. Si nyingi, ila anayeweka tairi kubwa kwenye gari linalokaribia kushindwa asishangae.

Kwa magari makubwa ya kuvuta trela yanayotoka Ulaya, mfano ulio wazi ni ZF 16S. Zipo za namna mbili: moja inaanza 16.41 na kumalizia 1.00, nyingine inaanza 13.80 na kumalizia 0.84. Kwa nje ni ndugu, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Soma bati lililo ubavuni, uwiano huo umepigwa hapo. Ukiweka ya 13.80 mahali pa ya 16.41 bila kugusa difu, umepoteza karibu asilimia 16 ya nguvu kwenye kila gia. Lakini ya 16.41 na difu ya 4.00, na ya 13.80 na difu ya 4.76, zinatoa hesabu moja: 65.6 na 65.7 chini, 4.00 na 4.00 juu. Ndiyo maana narudia kwamba giaboksi na difu vinunuliwe kwa kuzidishwa pamoja. Na giaboksi za namna hii zinahitaji hewa ili kugawa gia na kubadilisha ngazi ya juu na ya chini. Kamioni ndogo yenye breki za mafuta tu haina kompresa ya kuilisha.

Gia fupi, yenye uwiano mkubwa, ina gharama zake. Nguvu inayopita kwenye propela katika gia ya 7.5 ni karibu asilimia 39 zaidi ya ile ya 5.4. Krosi (viungo vya propela), propela, pinioni na shafti za ekseli ziwe na uwezo huo. Krosi ndogo ya gari la tani 4 itakatika. Vilevile kuna mpaka wa tairi. Ekseli ya nyuma ikibeba tani 9.5, kwenye matope magurudumu huteleza yakivutwa kwa kilo 2,800 hivi, mara nyingine chini ya hapo. Kutafuta gia ya kwanza ya 9 au 10 kwa gari la namna hii hakuongezi kitu, tairi litachimba shimo tu.

Juu ya kufunga nitasema machache, kwa kuwa mafundi wanajua. Kabla ya kulipa, linganisha matundu ya nyumba ya klachi na ya injini. Hesabu meno ya shafti ya kuingilia na pima unene na urefu wake. Ujue klachi inafunguliwa kwa kusukuma au kwa kuvuta. Ncha ya shafti iingie vizuri kwenye beringi ndogo ya flaiwili. Ikiwa fupi na mtu akaweka bushi ya kujichongea bila kipimo, shafti itacheza na gia zitaanza kuruka zenyewe. Unapotumia adapta, zungusha daiali geji (kipimo chenye mshale) ndani ya tundu la nyumba ya klachi: isipishane zaidi ya milimita 0.20. Pandisha giaboksi kwa jeki ya giaboksi na boliti mbili ndefu za kuongoza. Usiiache ining'inie kwenye diski, itapinda kitovu chake, na usiivute kwa kukaza boliti za nyumba. Ikiwa haiingii kwa mkono kuna kitu hakijakaa.

Giaboksi mpya ikiwa ndefu au fupi kuliko ya zamani, propela ikatwe au iongezwe kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha, krosi za pande mbili zielekee sawa, na sehemu ya kuteleza ikae katikati ya mwendo wake gari likiwa na mzigo. Pembe ya giaboksi na ya pinioni zitofautiane kwa nyuzi 1 tu, isizidi. Mtikisiko unaotokea kwenye mwendo fulani na kupotea kwenye mwingine mara nyingi unatoka hapo. Kama giaboksi mpya haina ile dramu ya breki ya mkono nyuma yake, gari halina breki ya kuegesha. Lisitoke garaji hadi iwekwe nyingine. Kwa bene, yaani kamioni ya kumwaga mzigo, hakikisha kuna mlango wa pitio (kifaa kinachochukua nguvu ya giaboksi kuinulia bene) upande unaofaa na kwamba meno yake yanalingana.

Anayetoka kwenye giaboksi ya kompyuta kwenda ya mkono ajue injini yenye sindano za umeme inasubiri ishara ya gia huru ndipo ikubali kuwaka, na inasubiri ishara ya mwendo. Waya zikikatwa tu, taa inawaka na injini inajinyima nguvu, na mwenye gari anaanza kuilaumu giaboksi mpya. Fundi wa umeme aitwe kabla ya kununua.

Oili ya giaboksi yenye pete za sinkro za shaba iwe GL-4, 80W-90, isipokuwa kiwanda kimesema vingine. GL-5 ni ya difu. Ukijaza GL-5 kwenye giaboksi ya namna hiyo, pete zinateleza, gia zinakwaruza, na shaba inaweza kuliwa. Jaza hadi oili ianze kumwagika kwenye tundu la usawa, gari likiwa limesimama sawa. Jaribu gari tupu, kisha nusu mzigo, kisha mzigo kamili, na baada ya kilomita 1,000 mwaga oili uone chuma kilichotoka. Unga mwembamba ni kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, fungua.

Ombi langu kwa wauzaji wa spea za kale, iwe Bukavu au Goma, ni dogo: hesabuni mizunguko na mwandike uwiano kwa rangi nyeupe ubavuni mwa kila giaboksi, gia ya kwanza, ya mwisho na ya kurudi nyuma. Ile ya kurudi nyuma mteja huwa haiulizi kabisa. Iwe karibu sawa na ya kwanza. Gari lililokwama kwenye kona nyembamba ya escarpement hutoka kwa kurudi nyuma, na mara nyingine kurudi huko ni kupanda.

Fundi wa giaboksi na difu,
Bukavu